Siku tuliyoihamisha bahari ya sebuleni

Jumamosi iliyopita, hapa kwangu Forest, Mbeya, tulihamisha matumbawe na samaki kutoka tangi la lita 180 kwenda la lita 540. Nimezaliwa Tanga, kazi ya ualimu ikanileta huku, na huu ni mwaka wa sita nafuga kipande cha bahari sebuleni, mita 1,700 juu ya bahari yenyewe.

Tangi jipya nimetengenezewa na fundi vioo wa Mwanjelwa: sentimita 150 kwa 60 kwa 60, kioo cha milimita 12. Alipomaliza kunipigia hesabu ya bei, nami nikampigia ya uzito. Maji peke yake yanapita nusu tani kabla hujaweka hata jiwe moja. "Dada, basi hapo meza ya mbao tusahau," akasema, akanipeleka kwa jirani yake anayechomelea vyuma. Gundi ya silikoni tuliiacha ikauke wiki nzima, kisha tukajaza maji ya bomba kwa siku tatu, na kila asubuhi na jioni napitisha karatasi laini kwenye pembe zote. Ilitoka kavu.

Kilichonichosha ni maji. Nilihitaji lita 360 za kujazia na 120 za akiba, yaani kama kilo 17 za chumvi maalumu ya matangi. Ya jikoni haifai, haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha, na matumbawe hujenga mifupa kwa hivyo. Watu huniuliza kwa nini sikingi mvua, na Mbeya mvua si haba. Paa letu ni la bati za zinki, na zinki kidogo tu inadhuru konokono na matumbawe. Kwa hiyo nilichuja maji siku sita mfululizo, nikakoroga chumvi kwenye mapipa, nikaweka hita zipandishe joto hadi nyuzi 25. Julai hii baridi ya usiku haina huruma. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Tukuyu, alitoa blanketi lake akalizungushia pipa. "Mwanangu, kwani hawa si viumbe?"

Siku yenyewe mawe yalitoka kwanza, yakalala kwenye mabeseni yakiwa yamefunikwa na maji yao ya zamani. Bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa naitreti wanaishi kwenye vitundu vya mawe hayo, na jiwe likikauka wanakufa nalo.

Kosa langu lilikuwa mchanga. Nilijua kabisa kwamba mchanga wa zamani hauhamishwi, uchafu wa miaka umelala chini yake. Lakini nilivihurumia vinyoo vilivyokuwa vikiishi humo, nikachota beseni moja, nikausuuza mara moja tu, nikaumwaga kwenye tangi jipya. Ulikuwa na mabaka meusi na harufu ya yai viza. Pua iliniambia, sikuisikiliza.

Saa tano usiku samaki wangu wawili wa rangi ya chungwa, wenye mikanda myeupe, walikuwa wamesimama juu kabisa ya maji, mashavu yakipiga haraka haraka. Nikapima amonia. Dawa inayotakiwa kubaki njano ikageuka kijani mbele ya macho yangu. Na huku juu mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani, kwa hiyo hata maji yakiwa safi yanabeba oksijeni pungufu. Nilizielekeza pampu zote mbili juu mpaka uso wa maji ukawa unatokota, nikaufyonza mchanga wote kwa mpira, nikatoa lita 120 na kuingiza ile akiba. Mume wangu alinishikia tochi hadi saa nane. Bila yale mapipa mawili ya ziada ningewapoteza.

Tumbawe langu la vichwa vitano, lenye minyiri yenye ncha kama nyundo, lilijikunja Jumapili nzima, likabaki mifupa mitupu. Jumatatu kichwa kimoja kilifumbuka kidogo, kijani kikachungulia. Jana jioni vyote vitano vilikuwa wazi, vikipepea na mkondo wa pampu, na yule samaki mkubwa, ambaye ndiye jike, aliingia katikati ya minyiri akalala.