Ninavyofuatilia neva ya mkono iliyokatwa, milimita kwa milimita

Nafanya kazi ya fiziotherapia Mtwara mjini. Majeraha ya kifundo cha mkono ninayoyapokea mengi ni ya panga, ya wakati wa palizi na kupogolea mikorosho. Mengine ni ya vioo na patasi za wachongaji wa mpingo. Mgonjwa anafika neva imeshaungwa na daktari wa upasuaji na kidonda kimefunga vizuri. Ila gumba, kidole cha shahada na cha kati vina ganzi, na gumba haliwezi kusimama mbele ya kiganja likakutana na kidole kidogo. Hapo ni neva ya kati iliyokatwa.

Swali ni lile lile: "Daktari, nimeshonwa wiki ya sita sasa, mbona mkono haurudi?" Jibu langu huanzia shingoni, nami hulichora kwenye karatasi. Seli inayoamrisha gumba haikai mkononi. Mwili wake uko ndani ya uti wa mgongo, sehemu ya shingo. Ule wa seli ya hisia uko katika fundo dogo pembeni ya uti huo. Kinachoshuka hadi mkononi ni aksoni, uzi mmoja wa seli wenye urefu unaozidi nusu mita. Panga likiukata, kipande cha upande wa vidole kinatengwa na mwili unaokilisha. Hakifi papo hapo: kwa siku mbili tatu za mwanzo ukikigusa kwa umeme, misuli bado hushtuka. Baada ya hapo humeguka vipande vipande. Augustus Waller aliyaeleza haya mwaka 1850 baada ya kukata neva za ulimi wa chura. Kwa hiyo mshono, hata ukiwa mzuri namna gani, hauunganishi nyuzi za zamani. Unaunganisha ala tu, yaani ganda la nje la neva, ili nyuzi mpya zipate njia.

Huko juu, mwili wa seli hupata habari. Kalsiamu huingia pale palipokatwa, na protini za ishara hubebwa kurudi nyuma hadi kwenye kiini. Seli huvimba, kiini husogea pembeni, na seli huacha kazi ya kupeleka ujumbe ili ishike ya kujenga. Huku chini, seli za Schwann, zile zinazoizunguka aksoni, humwaga mielini (utando wa mafuta unaoifunika aksoni), huita seli za kinga zizoe mabaki, kisha huongezeka na kujipanga mistari kama matuta ya muhogo. Aksoni mpya hutoka na ncha yenye vidole vidogo vinavyopapasa, ikifuata matuta hayo. Mwendo wake ni takribani milimita moja kwa siku, baada ya kuchelewa wiki tatu hadi nne kwenye mshono.

Hesabu yangu yote imesimama kwenye mwendo huo. Nachukua futikamba ya fundi cherehani na kupima kutoka kwenye kovu. Tuseme kovu liko sentimita 2 juu ya mkunjo wa kifundo. Hadi misuli ya shina la gumba ni kama sentimita 8, yaani siku 80; ongeza 30 za kuchelewa, unapata karibu miezi minne. Hadi ncha ya kidole cha shahada ni kama sentimita 20: miezi saba na nusu. Tarehe hizo naziandika kwenye kadi ya mgonjwa. Anayekuja kutoka Newala au Tandahimba kwa nauli yake ana haki ya kujua ni lini atarajie nini, kwa sababu wengi hukata tamaa mwezi wa tatu, pale pale ambapo uzi bado uko njiani.

Kila baada ya wiki nne nagongagonga kwa ncha ya kidole, nikianzia vidoleni kupanda kuelekea kwenye kovu. Mahali mgonjwa anapohisi mtekenyo kama wa umeme unaokimbilia vidoleni ndipo ncha za aksoni zilipofika. Jules Tinel aliandika kuhusu alama hii mwaka 1915. Naweka nukta kwa kalamu, napima, naandika. Nukta inatakiwa isogee karibu sentimita 3 kwa mwezi. Ikibaki palepale kwenye kovu hadi mwezi wa tatu, na pakiguswa panauma sana, nashuku nyuzi zimejikunja na kufanya fundo. Huyo namrudisha kwa daktari wa upasuaji bila kusubiri, kwani msuli uliokaa bila neva mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hugeuka kuwa nyuzi ngumu, na neva ikifika haina cha kushika.

Aliyeanguka kutoka juu ya mnazi akaumia uti wa mgongo simpi hesabu hii. Mle ndani hakuna seli za Schwann; mielini ya pale ina protini zinazozuia ukuaji, usafi wa mabaki ni wa polepole, na kovu huziba. Watafiti David na Aguayo walionyesha mwaka 1981 kwamba aksoni za uti zinaweza kukua zikipewa kipande cha neva ya pembeni, yaani ya nje ya uti na ubongo, kwa hiyo kikwazo kikubwa ni mazingira. Familia yake naiambia ukweli, kisha tunafanyia kazi kiti, ngozi na kibofu.

Tunaposubiri, mkono lazima ubaki laini. Wiki tatu za kwanza kifundo hufungwa kikiwa kimekunjwa kidogo ili mshono usivutwe. Kisha tunakunjua taratibu, na kila kiungo cha kidole kinapelekwa mwisho wake kwa mkono usioumia mara kumi, mara nne kwa siku. Gumba likiachwa hugandia kiganjani. Gango lake nalitengeneza kwa bomba la plastiki la inchi 2: nakata pete ya upana wa sentimita 5, nachukua chini ya nusu yake, nailainisha kwa maji yanayochemka (kwenye moto wa mkaa plastiki hutoa moshi wa sumu), napiga msasa kingo, naweka sufi, na linavaliwa usiku katikati ya gumba na shahada. Siku ya kwanza ngozi ikaguliwe kila saa mbili. Ganzi haimwambii mtu kuwa anachubuka.

Ganzi hiyo hiyo ndiyo inayoharibu mikono msimu wa korosho. Mafuta ya ganda huunguza ngozi, na mkono usiohisi hauondoki. Kubangua, kuepua sufuria na kukanda kwa maji ya moto ni kazi za mkono mwingine.

Hisia zikianza kurudi huja zimechanganyika, kwa kuwa baadhi ya nyuzi zimeingia tuta lisilo lao: unagusa shahada, mtu anasema cha kati. Ubongo unafundishwa upya. Nampa vibakuli vya choroko, kunde, chumvi ya mawe na mchanga wa Shangani. Apapase akitazama, afumbe macho, ataje, kisha afumbue ahakikishe. Dakika kumi, mara tatu kwa siku, tukianza na vilivyo tofauti sana, choroko na kunde zikipambanishwa mwisho.