Bibi na Ndizi Yenye Namba

Binti yangu amekata ndizi ya kisukari katikati, akaona vile vidoa vyeusi, akauliza kama ndizo mbegu na kama tukizipanda zitaota. Nikamwambia hapana, mgomba hupandwa kwa chipukizi. "Sasa ule wa kwanza kabisa ulitoka wapi?" Hapo nikaishiwa maneno, na Bibi akanijia kichwani akiwa Njiro, Arusha, akiihoji ndizi ngeni.

Bibi na safari walikuwa hawapatani. Kibosho, kwetu Kilimanjaro, alikuwa hatoki ila kwa msiba au harusi. Lakini mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisukari chake kilikuwa kinaisha: majani ya chini yanageuka manjano na kuning'inia, ukipasua shina unakuta michirizi ya kahawia. Mnyauko wa Panama. Mjomba akasema kwenye Nane Nane, maonyesho ya wakulima, hawakosekani wataalamu wa kituo cha utafiti cha Tengeru, twende ukawaulize mwenyewe. Tukashuka Moshi na baridi ya Agosti, tukapanda Coaster, Boma Ng'ombe, Usa River, kisha kifodi hadi viwanja vya Themi huko Njiro. Ng'ombe wa maziwa tuliwapita. Matrekta tuliyapita. Kwenye banda la Magereza Mjomba alitaka tusimame kidogo, Bibi akamwambia hakuja Arusha kuangalia wafungwa.

Bandani kwa watu wa ndizi mikungu ilikuwa imetundikwa kwa mstari: mshare, mzuzu, ndizi ng'ombe, kimalindi, zote za nyumbani. Mwisho wa mstari ukaning'inia mkungu ambao mtoto wa darasa la kwanza angeweza kujificha nyuma yake. Kibandiko kiliandikwa FHIA 17.

"Hii ina namba?" Bibi akauliza. "Imefungwa kwa kosa gani?"

Kijana wa bandani akacheka, akampa shikamoo, kisha akaeleza vizuri tu. Ni chotara, imezalishwa na watafiti wa Honduras, inastahimili Panama na ule ugonjwa wa madoa meusi ya majani, tena inazaa sana. Bibi alimsikiliza hadi nukta.

"Huko Honduras," akasema, "mzazi wanampikia nini?"

Kijana akanyamaza. Kwetu mwanamke akijifungua ni mtori, supu ya ndizi za kupondwa, na mtori wa Bibi ulikuwa mshare na nyama ya ng'ombe, basi. Ndizi nyingine ni za wageni wasiojua. Kwa bahati pembeni kulikuwa na sufuria ya kuonjesha. Kijana akaopoa kipande, akakiweka kwenye kisahani, akampa kwa mikono miwili.

Bibi hakukitia mdomoni. Alikibonyeza kwanza kwa kidole gumba, akangoja aone kama kitarudi. Akanusa. Akakikata vipande viwili kwa kucha, akachungulia ndani. Ndipo akatafuna, taratibu, kwa upande wa kushoto ambako meno yalikuwepo, macho yakiwa juu kwenye turubai. Nyuma yetu watu walianza kusongamana. Spika ya banda la jirani ilikuwa inatangaza dawa ya kuku. Mama mmoja akashindwa kuvumilia: "Vipi bibi, tamu?" Bibi akainua kidole, subiri. Kulikuwa na mwanafunzi mwenye daftari, kalamu ameshaiweka juu ya karatasi. Kijana, na elimu yake yote, alikuwa amefumbata mikono mbele, anamtazama Bibi taya. Bibi akameza. Akafuta midomo kwa ncha ya khanga.

"Imeiva."

"Imeiva vizuri, bibi, au...?"

"Imeiva, baba. Asante sana."

Mwanafunzi nilimwona anaandika.

Mche alinunua, tena baada ya kupatana bei mpaka Mjomba akaona aibu. Aliupanda mwisho wa kihamba, shamba la nyumbani, chini kabisa karibu na mfongo, mfereji wa maji, mbali na mshare wake, akisema mgeni akae huko kwanza tumjue tabia. Ulikuja na mkungu uliohitaji miti ya kuutegemeza. Akaugawa: chana kwa jirani, chana kwa Mjomba, nyingine zikaenda kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, na mgomba wenyewe ukakatwakatwa kwa ajili ya ng'ombe. Kwenye mtori haikuingia. Au labda iliingia. Mama mdogo alijifungua muda si mrefu baadaye, na ndizi ikishapondwa haina kibandiko.

Siku hizi ile ya namba imeshika upande wote wa chini. Mama anasema Bibi aliipenda, ila hakutaka kumpa yule kijana sifa mbele za watu. Mjomba anasema hata kidogo, aliivumilia kwa sababu kisukari kilikwisha na nyumba lazima ile. Kila Krismasi lazima wabishane, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake pale bandani, wananigeukia niwe shahidi. Nawaambia alisema imeiva. Wote wawili wanaona nimewaunga mkono.