Stika za Skyline zilizogeuka manjano: jinsi nilivyozirudishia weupe

Hii ni modeli ya kuunganisha, kipimo cha 1/24: Nissan Skyline 2000GT-R ya mbio, ile ya milango miwili iliyotoka 1970 na injini ya S20, silinda 6, valvu 24. Plastiki ilikuwa salama. Stika ndizo zilizogeuka manjano, na duara la namba mlangoni lisipokuwa jeupe, gari zima linapoteza sura.

Karatasi ya stika niliifunga kwenye mfuko angavu usiopitisha unyevu, nikaubandika dirishani, picha zikitazama jua. Umanjano ulififia polepole.

Stika za aina hii huloweshwa majini ili ziteleze kutoka kwenye karatasi hadi kwenye modeli. Kabla ya kuzilowesha nilizipulizia vanishi nyepesi, maana stika kuukuu hupasukapasuka majini. Nilijaribu kwanza kipande kisichohitajika. Kikateleza kizima, nikaendelea na namba.