Vituo Visivyoonana

Mama yangu anaishi Urambo, mkoani Tabora, nami ninaishi Tegeta, Dar es Salaam, na kati yetu imelala sehemu kubwa ya nchi hii yenye zaidi ya kilometa za mraba 940,000. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukiivuka kwa treni ya Reli ya Kati, tukilala humo, tukinunua kuku wa kuchoma dirishani pale Saranda, na tukisubiri Tabora mabehewa ya Mwanza yakatwe ili yetu yaendelee upande wa Kigoma. Safari ilikuwa ndefu na ya kuchosha, lakini ilikuwa moja: tiketi moja, kiti kimoja, na mzigo uliopandishwa Dar es Salaam haukuguswa tena mpaka tuliposhuka Urambo kwenyewe.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona baada ya kuambiwa kwamba miguu inamsumbua. Niliamua kupanda treni ya umeme ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, hadi Dodoma, kisha nimalizie kwa basi. Tangu huduma hiyo ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, safari iliyokuwa ikichukua karibu siku nzima barabarani, pamoja na kusimama kwenye mizani na kukokota mwendo nyuma ya malori, sasa huchukua kama saa tatu na nusu. Niseme wazi kwamba ninaiona treni hiyo kuwa miongoni mwa mambo bora ambayo taifa letu limejifanyia katika uhai wangu. Inatembea hadi kilometa 160 kwa saa, na abiria anashuka akiwa na nguvu za kufanya kazi iliyompeleka.

Ila ili niiwahi treni ya alfajiri ilinibidi kuondoka Tegeta saa ambayo daladala zilikuwa hazijaanza kazi, nikachukua bajaji, na nauli yake ilikaribia nauli ya treni yenyewe. Dodoma tulifika asubuhi bado mapema. Stesheni ya treni na stendi kuu ya mabasi haziko mahali pamoja, kwa hiyo nikakodi bajaji ya pili, na nilipofika stendi mabasi yanayoanzia hapo kwenda Tabora yalikuwa yameshaondoka. Mkatisha tiketi alinijibu kwa upole: "Subiri la kutoka Dar, kaka. Likifika na nafasi ikiwepo, utapanda."

Nililisubiri kwenye benchi hadi baada ya saa 8 mchana. Lilipoingia, abiria kadhaa wa Dodoma waliteremka, nami nikapata kiti kando ya mzee mmoja aliyekuwa na kofia ya vitenge magotini. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kama mimi ni mwenyeji wa hapo. Nikamwambia kwamba nimetoka Dar asubuhi hiyo kwa treni. Alinitazama kidogo, akasema: "Kwa hiyo tumetoka pamoja, mwanangu." Yeye alipandia stendi ya Mbezi, Dar, kabla ya jua kuchomoza. Saa zote nilizookoa relini zilikuwa zimekwisha pale kwenye benchi, na sote wawili tuliingia Tabora usiku mmoja, katika basi moja, tukiwa tumepitia Manyoni na Itigi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri juu ya maungio. Tumezoea kuzungumzia njia zenyewe, yaani lami ya wapi imekamilika, reli imefika wapi na daraja gani limefunguliwa, wakati safari ya msafiri wa kawaida huharibikia pale anaposhuka chombo kimoja na kutafuta kingine. Hapa Dar es Salaam, mabasi ya mikoani yalihamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis mwaka 2021, treni za Reli ya Kati na za SGR zinaanzia katikati ya jiji, na treni za TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, zina stesheni yao kwenye Barabara ya Nyerere. Mtu anayetoka Mbeya kwa TAZARA na kutaka kuendelea Mwanza kwa basi ni lazima alivuke jiji na mizigo yake kichwani.

Hata vyuma vyenyewe havikubaliani. Reli ya Kati ina geji, yaani upana kati ya vyuma viwili vya reli, ya milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, umbali wa kilometa 1,860, ina geji ya milimita 1,067, na SGR ina milimita 1,435. Behewa la reli moja haliwezi kukanyaga nyingine, ndiyo maana Kidatu, mahali ambapo Reli ya Kati inakutana na TAZARA, mizigo hulazimika kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Kila reli ilikuwa na sababu zake za kujengwa ilivyojengwa, lakini gharama ya tofauti hizo inalipwa na wenye mizigo hadi leo.

Wajerumani walioijenga Reli ya Kati kuanzia mwaka 1905 hawakuijenga kwa ajili yetu. Walitaka mali za bara zifike bandarini, na ndiyo maana njia zetu nyingi bado zinaelekea pwani kuliko zinavyounganisha mkoa na mkoa. Pamoja na hayo, walijua kuunga. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 ilifikishwa hadi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na meli iliyotengenezwa Papenburg ikaletwa vipande vipande ndani ya makasha kwa reli hiyohiyo, ikaunganishwa hapo. Ndiyo MV Liemba tunayoijua. Aliyeshuka kwenye treni hakuwa na safari ndefu ya kuitafuta meli.

Nasi tunajua kuunga tukitaka. Abiria wa Kigamboni anayeshuka kwenye pantoni upande wa Magogoni hutembea hatua chache tu akaingia kituo cha mwendokasi cha Kivukoni. Sioni kwa nini jambo hilo lisifanyike Dodoma kwa basi linalosubiri treni, lenye ratiba inayofuata ratiba ya treni na tiketi inayokatwa mara moja tu, Dar es Salaam. Na kwa kuwa ujenzi wa SGR unaendelea kuelekea Tabora na Kigoma, ningependa wapangaji wa mji wa Tabora wakae sasa, kabla ya treni ya kwanza, waamue gari la Urambo, la Sikonge na la Kaliua litamkuta wapi abiria.

Asubuhi iliyofuata nilipofika nyumbani, mama aliniuliza kama treni hiyo mpya inaweza kumleta Dar kwa matibabu. Nilimweleza kuhusu gari la kwenda Tabora, kulala hapo, basi la Dodoma, kisha bajaji hadi stesheni. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ataisubiri ile ya zamani, kwa sababu inapita hapo Urambo na stesheni yake anaweza kuifikia kwa miguu yake hiyohiyo inayouma.