Jinsi Nilivyochagua Bunduki Yangu ya .303

Babu yangu alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki wakati wa ukoloni), na mwaka 1944 alikuwa Bama akipigana na Wajapani. Alipozungumzia vita hakusimulia sana habari za mapigano. Alisimulia habari za bunduki yake. Alituonyesha kwa mikono mitupu jinsi bolti, chuma kinachoingiza risasi na kufunga mtutu kwa nyuma, ilivyovutwa na kusukumwa, na jinsi risasi 10 zilivyoshindiliwa ndani ya magazini, yaani kisanduku cha risasi, tano kwa tano. Kwa sababu hiyo, nilipoanza kulenga shabaha katika uwanja wa Kirigiti, Kiambu, sikutamani bunduki mpya ya dukani. Nilitaka Lee-Enfield, bunduki ya Kiingereza inayotumia risasi ya .303 (unene wa inchi), iliyowahi kutumiwa na jeshi, niitunze kama kumbukumbu na wakati huohuo niweze kuipiga.

Hapa kwetu mtu hanunui bunduki kwanza ndipo atafute karatasi. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti cha kumiliki silaha hutaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi ambacho mwenyewe anaruhusiwa kuwa nacho, kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kujaribujaribu. Ilinibidi niamue vizuri mara moja. Bunduki zilizopo nazo ni chache: ni zile zilizobaki katika familia za wakulima na wawindaji wa zamani, na nyingi kati ya hizo zimekaa kabatini tangu uwindaji ulipopigwa marufuku mwaka 1977. Tena, sehemu kubwa ya zilizowahi kuwa za jeshi zilikatwa mbao za mbele na kufupishwa mtutu ili ziwe nyepesi za kuwindia. Bunduki iliyokatwa hivyo inaweza kulenga vizuri sana, lakini kwa mtu anayetafuta kumbukumbu, thamani yake imekwisha.

Baada ya miezi kadhaa, mfanyabiashara mmoja mwenye leseni hapa mjini aliniambia kwamba alikuwa na bunduki tatu za jeshi ambazo hazijakatwa. Nilikwenda pamoja na fundi bunduki mmoja mzee ninayemheshimu sana, na ninamshukuru Mungu kwamba sikwenda peke yangu.

Ya kwanza ilikuwa Mauser ya Kijerumani. Ni bunduki imara, na mpaka leo bunduki nyingi za kuwindia zimeigwa kutoka kwake, lakini mzee aliniuliza swali moja tu: risasi zake nitazitoa wapi? Zaidi ya hayo, mitutu ya zamani ya Wajerumani ilitengenezwa kwa risasi nyembamba kidogo kuliko ile waliyoanza kuitumia mwaka 1905, na kumpa mtutu mwembamba risasi nene ni kujitafutia hatari. Tuliirudisha mahali pake. Risasi za .303, kwa upande mwingine, bado zinatengenezwa, kwa mfano na Sellier & Bellot ya Ucheki na Prvi Partizan ya Serbia, kwa hiyo anayezihitaji huagiziwa na muuzaji wake.

Ya pili nusura nilipe papo hapo. Ilikuwa Lee-Enfield Mark III ya mwaka 1918, mbao zake zikiwa na rangi ya chai ya rangi, shaba kwenye kitako ikiwaka, na namba ya mwilini ikifanana na ya bolti. Mzee hakusema neno. Alitoa mfukoni risasi bandia isiyo na baruti, akaisukuma ncha yake ndani ya mdomo wa mtutu. Katika mtutu mzima, ncha hiyo hukwama kabla shingo la ganda halijafika mdomoni, kwa sababu risasi ni nene kuliko tundu. Katika ule, ilizama yote mpaka ganda likagonga chuma. Akanionyesha kwa ukucha mahali ambapo mdomo ulikuwa umelika upande mmoja. Alinieleza kwamba askari walisafisha mitutu kwa kuvuta kamba yenye kitambaa, na kamba hiyo ikivutwa kwa pembe miaka nenda miaka rudi, hula chuma cha mdomoni, na risasi ikitoka hapo huyumba.

"Mwanangu, mbao nitakutengenezea mimi," alisema. "Mtutu hakuna atakayekutengenezea."

Ya tatu ilikuwa Lee-Enfield Namba 4, ile ambayo watu wengi nchini huiita Mark Four, iliyotengenezwa Long Branch, Kanada, mwaka 1943. Mbao zake zilikuwa nyeusi kwa mafuta na zenye makovu, na kusema kweli sikuipenda. Nilipochungulia mtutu kwa tochi niliona mifereji miwili tu, ile iliyochongwa ndani ili kuizungusha risasi, badala ya mitano niliyoizoea, nikadhani mingine imefutika. Mzee alinituliza: wakati wa vita viwanda vya Kanada na Marekani vilichonga mifereji miwili ili kuharakisha kazi, na jeshi la Uingereza lilikubali mitutu hiyo kwa sababu ililenga vya kutosha. Hii ilikuwa safi, kingo zake zikiwa kali, na ile risasi bandia ilikwama mdomoni kama inavyotakiwa.

Kilichobaki ni bolti, ambayo namba yake haikulingana na ya mwili. Hilo hupunguza bei kwa mkusanyaji, lakini kwa mpigaji suala ni usalama: nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi ikizidi, ganda linaweza kupasuka. Mzee aliipima kwa geji, kipande cha chuma cha kipimo maalumu kinachowekwa mahali pa risasi. Bolti haikupaswa kufunga juu ya geji ya inchi 0.074, lakini ilifunga. Nilidhani safari imeishia hapo. Kumbe vichwa vya bolti za Namba 4 vilitengenezwa kwa urefu tofauti, vikapigwa namba kuanzia 0 (kifupi) hadi 3 (kirefu), na hiki kilikuwa 1. Alikuwa na cha 2 karakana kwake. Siku iliyofuata alikibadilisha, geji ikakataa, nasi tukaanza kujaza fomu.

Ilichukua muda mrefu kabla sijaichukua. Siku ya kwanza Kirigiti, kwa mita 100, risasi tano za kwanza zilipita juu ya duara jeusi zote, lakini zilikuwa zimekaa pamoja, kiganja changu kikizifunika. Kilengeo chake cha nyuma kina matundu mawili tu, la yadi 300 na la yadi 600, kwa hiyo kwa umbali mfupi lazima ipande. Mzee aliondoa kilengeo cha mbele akaweka kirefu zaidi, maana kilichonyanyuka mbele huishusha risasi. Nililala tena juu ya mkeka, nikavuta bolti na kuisukuma kama babu alivyokuwa akituonyesha, na mara hii zote tano ziliingia ndani ya jeusi.