Kilo zimeondoka, ngozi imebaki: nilivyoitunza bila krimu za miujiza

Ukipungua kilo nyingi, ngozi ikaanza kuning'inia, utaletewa krimu kabla hujaletewa kiti. Jirani anayo. Mke wa kaka anayo. Dada wa saluni anazo mbili, ya mchana na ya usiku. Naandika kwa sababu nimechoka kuona wanawake wenzangu wanakamuliwa hela kwa kazi ambayo hakuna krimu inayoiweza, wakati kinachowatesa kweli, yaani fangasi na michubuko chini ya tumbo, wanabaki nacho peke yao kwa aibu.

Mimi nilifika kilo 121. Sasa nacheza kwenye 78, 79. Nina miaka 43, nimezaa watoto watatu, naishi Dar es Salaam na kazi yangu ni ya kukaa kaunta mchana kutwa. Habari ya kupungua siirefushi: wali ulipungua, vitafunwa vikaisha, nikatembea sana, na muda ukaenda. Mwili ulipokata, tumbo lilishuka kama pazia lililolegea kamba, mikono ya juu ikalegea, mapaja kwa ndani yakakunjamana. Michirizi ambayo zamani ilikuwa imetandazwa kwa unene ikajikusanya pamoja, ikaonekana kuliko mwanzo.

Halafu maneno. Kwetu mtu mnene akikonda, watu wanamtafutia ugonjwa: mara sukari, mara "ule mwingine". Shangazi yangu alitoka Tanga kuja kunitazama, akaivuta ngozi ya mkono wangu kwa vidole viwili, akasema, "Mwanangu, rudisha mwili." Nikamwambia, "Shangazi, mwili ule ulikuwa unaniua magoti na presha." Hakurudia tena, na alipoondoka aliniomba nimwandikie ninachokula.

Nilianza kwa daktari wa ngozi, na ndivyo ninavyomwambia kila anayeniuliza. Watu wanadhani wataalamu hao hawapo. Wapo. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu miaka ya 1990, na waliosomea pale wamesambaa mikoani. Daktari wangu alinieleza kitu ambacho kiliniokolea hela nyingi. Chini ya ngozi tunayoiona kuna tabaka lenye nyuzi: kolajeni inayoipa ngozi uimara, na elastini inayoirudisha ikivutwa. Ukikaa mnene miaka mingi nyuzi hizo zinachakaa na nyingine zinakatika. Mimba zinaongeza, umri unaongeza, jua na sigara vinaongeza, na kuna watu wamerithi tu ngozi isiyorudi vizuri. Michirizi ni makovu ya tabaka hilo la ndani. Krimu inakaa juu. Inalainisha, inapunguza mwasho, inafanya ngozi ing'ae kidogo, basi. Kijana wa miaka 22 aliyepungua kilo 15 anaweza kuona ngozi imerudi yenyewe kwa sehemu kubwa. Mtu wa umri wangu aliyepungua kilo arobaini na kitu asidanganywe.

Sasa krimu yenyewe. Wifi yangu, mtu ninayempenda na najua hakuwa na nia mbaya, aliniletea vitu viwili kutoka kwa anayemuuzia: kopo jeupe lisilo na maandishi zaidi ya picha ya tumbo la msichana, na tyubu ndogo. "Wifi, hivi vinakaza ngozi na kufuta michirizi kwa pamoja." Nikaigeuza tyubu. Kwa herufi ndogo sana kuna jina, clobetasol. Nikaenda nayo duka la dawa, mfamasia akanitazama: "Mama, nani kakupa hii upake tumbo zima?" Akanieleza kwamba ni steroidi kali, inatolewa kwa magonjwa fulani ya ngozi, kwa muda mfupi na chini ya usimamizi. Ukiipaka miezi na miezi inaikondesha ngozi na kuleta michirizi mipya. Yaani kitu anachouziwa mwanamke ili kufuta michirizi ndicho kinachomchora mingine! Nilimrudishia wifi tyubu nikamweleza neno kwa neno, naye, kumbe alikuwa akiipaka usoni, aliacha siku ileile, akaenda kumwona daktari, kwa sababu nayo kuiacha baada ya kuizoea kunahitaji mtu wa kukuongoza. Kopo lisilo na maandishi nililitupa. Haidrokwinoni na zebaki, viambato vya kuchubua ngozi, vimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, na vyote viwili hupenda kujificha kwenye makopo ya namna hiyo. Kipodozi kisichoorodhesha viambato vyake wala kuwa na alama ya TBS, shirika la viwango, mimi sikipaki hata kisigino.

Ushauri mwingine nilioupata: limao na magadi (unachoma ngozi), kujizungushia nailoni na kulala nayo (katika joto la Dar unapika fangasi), dawa ya meno (hiyo sikuuliza hata sababu). Mkanda wa kubana unasaidia gauni likae vizuri, na harusini nauvaa. Ukiuvua ngozi iko palepale.

Sasa nije kwenye kilichonitesa. Kuanzia Novemba mpaka Machi, jasho la huku mnalijua. Ngozi ya tumbo ikilala juu ya ngozi nyingine, hewa haipiti, jasho linakaa, na kila hatua ni msuguano. Kwanza inawasha. Halafu inakuwa mstari unaowaka, umeiva, una unyevu, umetoka vidoa vidogo pembeni, na una harufu chachu. Nikimwaga maji bafuni nilikuwa nauma meno. Poda nilijaribu: poda ikikutana na jasho inakuwa uji, uji unakauka unakuwa punje, na punje zinakwangua. Daktari alinipima sukari kwanza, kwa sababu fangasi wanaorudi rudi wanaweza kuwa dalili yake, ikawa sawa. Akanipa klotrimazoli, dawa ya fangasi ya kupaka, akanisisitiza nisiache siku nitakapoona pameanza kupendeza. Ikapona. Joto likazidi, ikarudi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba dawa inaua fangasi, lakini nyumba yao bado ipo, na nyumba hiyo ni ule mkunjo wenye jasho.

Nikaanza na kipande cha khanga iliyochakaa, nikikichomeka kwenye mkunjo. Kilishuka. Nimesimama kaunta namhudumia mteja, nikahisi kinateremka mguuni ndani ya sketi. Taulo dogo lilikuwa nene, likashika maji, likabaki bichi humo ndani, na kitu kibichi kikikaa kwenye mkunjo ni kibaya kuliko kutoweka chochote. Ndipo nikaenda Kariakoo, mtaa wa Uhuru, nikanunua bafta, ile nyepesi kabisa nyeupe, mita mbili tatu hivi, hela haikufika elfu kumi. Bafta mpya ina wanga, ni ngumu. Niliichemsha na kuifua mpaka ikalainika kama nepi ya mtoto. Nikakata vipande vya upana wa shubiri, virefu kutoka nyonga hadi nyonga na kuzidi. Siri iko kwenye hiyo "kuzidi": kitambaa kikiwa kifupi kinabana jasho ndani, lakini ncha zikitokeza nje ya mkunjo pande zote, unyevu una pa kutokea.

Lakini bado kilikuwa kinatembea. Nikampelekea fundi wangu wa cherehani, mama mtu mzima aliyekuwa akinishonea vitenge tangu nikiwa mnene, ambaye kila mara alikuwa anaongeza kitambaa pembeni bila kusema kitu. Nilifunga pazia la kibanda chake, nikamwonyesha. Hakushtuka. Alisema, "Mwanangu, hapa tatizo ni uzito. Kitambaa kitashikaje kama tumbo lenyewe halijashikwa?" Akachukua futi, akapima mara akiwa amenisimamisha, mara amenikalisha, maana nikikaa tumbo linabadilika kabisa.

Alichoshona ni bukta ya pamba laini, inayopanda mpaka juu ya kitovu. Mbele, kwa ndani, kuna kipande kipana kinacholipokea tumbo kwa chini na kulinyanyua kidogo, na uzito wake unashikwa na lastiki mbili pana zinazopita juu ya nyonga hadi mgongoni. Lastiki hazigusi mkunjo popote. Alizifunika kwa kitambaa ili zisikwaruze. Mishono yote aliigeuza nje, kwa hiyo upande unaogusa ngozi hauna mstari hata mmoja. Miguu ya bukta inashuka kufunika mapaja yanaposuguana. Na kile kitambaa cha bafta kinashikizwa ndani kwa vifungo bapa vya shati, vitatu kila upande, vilivyo mbali na mkunjo. Kikilowa, naingia chooni kazini, nafungua, natoa, nafuta kwa kitambaa kikavu bila kusugua, naweka kingine. Vile vya kubadilisha nabeba kwenye mkoba ndani ya mfuko safi. Ya kwanza ilibana, akaifumua. Ya pili nimeivaa mpaka imeisha. Anatoza kama elfu kumi na tano kwa moja, pamba naleta mwenyewe, na sasa ana wateja wengine wa bukta hiyo ambao mimi ndiye niliyewapeleka. Kuna mmoja alinikumbatia mtaani. Nakiri najivunia bukta hii kuliko kilo nilizopunguza.

Nyumbani nikitoka kuoga najikausha kwa kugandamiza, si kusugua, halafu nalala chali feni ikinipuliza huku nimenyanyua tumbo kwa mikono, mpaka pakauke kabisa. Losheni napaka sehemu nyingine, ngozi ikiwa bado na unyevu wa maji. Kwenye mikunjo sipaki. Na bafta zinaanikwa juani, zinapigwa pasi ya moto. Tangu nianze, mkunjo ule umekuwa mkavu hata Februari, na nilipoona wekundu ukianza niliurudia kwa dawa mapema ukaisha.

Mazoezi ya nguvu nayo yamefanya kitu, hasa mikono na mapaja. Msuli ukikua unaijaza ngozi kwa chini. Sikulipia jimu. Dumu la lita tano likijaa maji ni kilo tano, nalinyanyua kila mkono. Nachuchumaa na kusimama nikiwa nimelikumbatia. Napiga pushapu ukutani. Na nakula mayai, dagaa, maharage, maana msuli haujengwi na chai ya rangi. Mikono imebadilika, naivalia hata gauni lisilo na mikono. Tumbo halikurudi, na wanaowaambia watu kwamba mazoezi ya tumbo yatakaza ngozi ile wanawachosha bure.

Michirizi nayo nimeikubali baada ya kuielewa. Ikiwa mipya huwa na rangi iliyoiva, nyekundu, zambarau au kahawia nzito kwa sisi weusi, na wakati huo daktari anaweza kukupa tretinoini, dawa ya kupaka ambayo husaidia kiasi kwa baadhi ya watu na haitumiki kabisa kwa mwenye mimba au anayetarajia kuipata. Ikishakuwa myeupe na kung'aa, kama yangu ya mapajani, dawa ya kupaka haina kazi kubwa. Siagi ya kakao na mafuta ya mzeituni vinalainisha ngozi, nami napaka ya nazi kwa sababu napenda harufu yake, lakini havifuti. Anayefikiria mashine za mwanga aulize kwanza kama anayemhudumia amezoea ngozi nyeusi, kwa sababu ngozi yetu huacha madoa ikichomwa vibaya.

Kinachoondoa ngozi iliyoning'inia ni kisu tu. Nilionana na daktari wa upasuaji rekebishi, na kitu cha kwanza alichoangalia hakikuwa tumbo. Alitaka kuona kovu la chanjo begani, akaligusa kwa kidole kama limeinuka, akauliza kama mama yangu ana makovu yanayovimba. Mama anayo masikioni, alipotogwa. Kwa hiyo tulizungumza sana juu ya keloidi, kwa sababu kovu la upasuaji huu linatoka nyonga hadi nyonga. Akanieleza pia kutokwa damu, maambukizi, maji kujikusanya chini ya ngozi, na damu kuganda miguuni. Akataka uzito uwe umetulia angalau miezi sita, na akaniuliza kama nina mpango wa kuzaa tena, maana mimba ingeirudisha ngozi ilikotoka. Daktari asiyekuuliza hayo, chukua mkoba wako uondoke.

Bima yangu ilinijibu kwamba huo ni urembo. Nimekwenda kwa daktari wa ngozi, ameniandikia barua inayotaja kila mara fangasi waliporudi, dawa zilizotumika, na picha za mkunjo kabla na baada. Imeshapokelewa na imegongwa muhuri. Wakikubali kulipia, nitapunguza kipande cha chini tu kinachofanya mkunjo, mengine yabaki. Wakikataa nitakata rufaa kwa barua hiyohiyo, na nakala yake ninayo.