Nati moja ya plastiki na hasara zangu tatu

Shemeji yangu ndiye aliyeniambia nitupe. Alisimama jikoni, maji yamemfika vifundoni, akaliokota chujio la maji lililopasuka na kusema, "Shemeji, takataka hii ya nini? Tupa, nunua jingine, maisha yaendelee." Namheshimu sana. Lakini ushauri ule ungenitia hasara kuliko maji yenyewe.

Chujio lilikuwa na miezi minne. Lilipasuka usiku tumelala, na hadi alfajiri kabati zilikuwa zimefura, sakafu ya mbao imeanza kubenuka, na cherehani yangu ya umeme, inayonilisha, imekunywa maji hadi kwenye mota. Kazi za wateja zikasimama karibu wiki tatu.

Siku hiyo hiyo nikaandika barua kwa muuzaji. Kurasa nne! Niliipenda barua ile, nikamsomea kila aliyekuja kutoa pole. Nilidai kila kitu kwa mkupuo: chujio, kabati, sakafu, cherehani, kipato kilichopotea, na juu yake "maumivu ya moyo" kwa kiasi nilichokitoa kichwani. Neno "haraka" nililiandika mara saba. Jibu likaja mistari mitatu: njoo uchukue chujio jipya, utie sahihi hapa chini. Niliufuata mzigo wangu kwa furaha, kalamu nikashika. Kilichoniokoa ni kusahau miwani. Maandishi yalikuwa madogo mno, nikaomba kwenda nayo nyumbani, na huko nikasoma: "nimeridhika na sina dai jingine lolote kuhusu bidhaa hii." Yaani sakafu yangu yote ningeiuza kwa chujio moja.

Hapo ndipo nikaenda kwa wakili. Ada ya saa moja si haba, ila ilirudi. Mama yule alichora visanduku vitatu kwenye karatasi. Cha kwanza, chujio lenyewe. Cha pili, vitu vingine vilivyoharibiwa na chujio. Cha tatu, fedha ambazo sikuzipata. "Wewe umevimwaga vyote kwenye sufuria moja," akasema, "ndiyo maana wamekujibu kwa kijiko."

Dai la chujio lenyewe ni kwa muuzaji, kwa mkataba wa mauziano na waranti. Akanipa kisa cha East River cha mwaka 1986: mitambo ya meli ilijiharibu yenyewe, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema bidhaa ikijiharibu yenyewe tu, fuata mkataba, usije na madai ya madhara ya nje ya mkataba. Kabati na sakafu ni habari nyingine. Hapo unaweza kumfuata hata mtengenezaji ambaye hamna mkataba. Mlango huo kwa Waingereza ulifunguliwa na Bi. Donoghue, aliyedai kukuta mabaki ya konokono kwenye chupa ya kinywaji cha tangawizi huko Paisley, Scotland, mwaka 1928. Chupa alinunuliwa na rafiki, kwa hiyo hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Mwaka 1932 akashinda hoja kwamba mtengenezaji anawajibika kwa mtumiaji wa mwisho.

Kisanduku cha tatu ndicho kigumu. Kipato kikining'inia kwenye kitu kilichoharibika, mfano cherehani, kina mguu wa kusimamia. Kikielea peke yake, mahakama nyingi hukifungia mlango. Na cherehani ni ya kazi: hata ile sheria ya Ulaya ya 1985, inayombana mtengenezaji bila kuuliza uzembe, ilihesabu mali ya matumizi binafsi tu. Kwa ya biashara inabidi uthibitishe kosa la mtu.

Sasa nifike kwenye utamu. Mtengenezaji alimleta fundi wake, begi mkononi, anataka kuondoka na chujio "kwa uchunguzi." Nikamwambia lichunguze hapa mezani, nami natazama. Akageuza nati iliyopasuka, akatikisa kichwa: "Mzee, umeikaza kupita kiasi." Nilikuwa nalisubiri neno hilo. Nikawasha tochi, nikampa kioo cha kukuzia cha kusomea. Juu ya nati kulikuwa na mstari mwekundu wa rangi, umetoka kwenye mwili wa chujio ukapanda juu ya nati, umenyooka kama uzi. Rangi ile huwekwa kiwandani baada ya kukaza. Mtu akiizungusha nati hata kidogo, mstari unakatika na vipande viwili havikutani tena. Wangu ulikuwa mzima. Nati niliyofunga mimi ni ile ya upande wa bomba, na haikuwa na ufa. Fundi alinyamaza, akapiga picha zake, mimi nikampiga picha akizipiga.

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja, visanduku vimetengana. Muuzaji akarudisha bei ya chujio. Mtengenezaji akalipa sakafu, kabati na, baada ya kuvutana, cherehani. Kipato nilipata kama robo, kwa sababu daftari langu la wateja nusu yake ni michoro ya mikono na kola. Maumivu ya moyo, sifuri.

Chujio jipya lina nati ya shaba. Na bado nafunga bomba kuu kabla ya kulala.